Koti la Mkalimani

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Vidonda vya asubuhi vimekwisha mapema. Bendeji zimechemshwa, zimeanikwa. Maneno mapya matatu ya Kiingereza kabla ya chai: la usaha, la kovu, na la kidonda kinachowasha. Nimeyarudia huku nikimfunga mtu mguu, mpaka mgonjwa akaniuliza kama namsomea dua.

Niandike jambo lenyewe, maana ndilo linaloninyima utulivu. Daktari mpya wa hospitali hii ya mgodi hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Leo ametangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua mkalimani wake. Mmoja tu. Atapita naye wodi zote, atamvika koti jeupe refu lenye mifuko, na atamhamishia kwenye nyumba ya bati. Tunaotazamiwa ni wawili, wote madresa, wafunga vidonda: mimi na Gaspari.

Nalitaka koti lile. Sioni haya kuliandika. Miaka yote hii naosha madonda ya watu na bado naitwa "wee dresa". Hakuna anayejua kwamba jina langu ni Shabani.

Gaspari amesoma misheni kwao Songea. Mimi nimesoma darasa la nne, na baada ya hapo bendeji. Lakini nina kamusi, na nina mwezi mzima.


Jumatano, 5 Septemba

Nimeandika kwa chaki jina la Kiingereza juu ya kila kitu nyumbani. Mlango, mtungi, kinu, kitanda, chungu. Kila ninachogusa nakisoma kwa sauti. Mke wangu Nyamizi anasema nyumba imekuwa behewa la gari moshi, imeandikwa kila ubavu. La chungu amelifuta kwa sababu chaki iliingia kwenye kisamvu. Nimeliandika tena, kwa chini.

Amenionya nisije nikamwandika na yeye.


Ijumaa, 7 Septemba

Leo sokoni Gaspari amenivua kofia mbele ya watu. Akaivaa yeye, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba mtumwa wake hana ruhusa ya kuvaa kofia. Watu wamecheka mpaka muuza vitunguu akakaa chini. Mimi nimecheka zaidi yao.

Ndivyo tulivyo. Yeye Mngoni, mimi Mkonongo. Mbele ya Wangoni, sisi na Wanyamwezi ni kundi moja, watani wao tangu babu zetu walipochoka kuuana. Akichukua changu sina haki ya kukasirika. Nakigomboa tu. Nami nikichukua chake ni vivyo hivyo. Mwezi uliopita nilikaa na baiskeli yake mpaka akaja kuigomboa kwa jogoo, na yule jogoo tulimla pamoja. Kofia ya leo nimeigomboa kwa karanga.

Baada ya karanga tumeketi nyuma ya duka akanifundisha kutamka. Kuna neno la mapafu ambalo mimi nilikuwa nalisema kama jina la mtu. Nikamwuliza, mpinzani gani huyu anayemnoa mwenzake? Akajibu kwamba kumshinda mtumwa bubu hakuna sifa.

Ni mtu mzuri. Nitamshinda tu.


Jumatatu, 10 Septemba

Leo! Siku yangu ya kwanza kupita wodini na daktari. Amegawa hivi: Jumatatu na Alhamisi zangu, Jumanne na Ijumaa za Gaspari. Jumatano yeye yuko kwenye chumba cha kupasulia.

Kabla ya kuanza alitupa amri, na aliitoa kwa ukali. Kabla yetu alikalimani karani mmoja wa ofisini. Mama wa watu alieleza tumbo lake tangu mimba ya kwanza, akalia, akashika kiuno, akataja na mchawi anayemshuku. Karani akamgeukia daktari akasema neno moja: tumbo. Daktari hataki tena mchezo huo. Neno kwa neno, amesema. Usiongeze. Usipunguze. Maelezo yako baki nayo.

Sawasawa. Neno kwa neno ndiyo kazi niliyoisomea.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani ana jipu. Akasema linapwita. Mungu mkubwa! Neno hilo nililipata juzi tu, nikaja nalo njia nzima kutoka nyumbani Kawajense nikilitafuna: throb. Nikalitoa. Daktari aliacha kuandika. Akanitazama kama mtu aliyeokota shilingi mchangani. Akasema "good", akaendelea kuandika.

Good! Nimerudi nyumbani siijui ardhi. Nimemweleza Nyamizi habari ya jipu mara nyingi, mpaka akaniomba tule kwanza.


Alhamisi, 13 Septemba

Siku yangu tena. Leo nimetoa la ganzi, la kizunguzungu, na la kichomi, ambalo kwa Kiingereza ni lile lile la fundi cherehani anaposhona. Sikukwama hata mara moja. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Na habari zimefika mjini! Sijui nani amezipeleka. (Nyamizi.) Mwenye duka la nguo alinipa kiti. Mimi! Akaniletea kopo la dawa ya mifugo nimsomee. Nikamsomea, hata nisichokielewa nilikisoma kwa sauti ya kujiamini. Mama mmoja wa Sitalike aliyekuja kuuza ufuta akaniita Bwana Mkalimani. Nilipotoka nilitembea polepole makusudi, ili wanaotaka kunisalimu wapate nafasi.

Baba mkwe ametuma salamu. Hajawahi.


Jumapili, 16 Septemba

Leo nimepumzika. Sikusoma neno.

Uongo. Nimesoma.


Jumanne, 18 Septemba

Wameleta mtu kutoka chini ya mgodi. Mwamba umemvunja paja. Ni Mihambo, Mnyamwezi, mtu mzima, nimekuwa nikimwona miaka mingi akipita na taa yake. Daktari amemnyoosha mguu, ameuning'iniza kwa kamba na uzito. Atalala hivyo mpaka mvua zianze.

Hasemi. Anatazama ukuta. Nimempa uji, akafunga mdomo. Mkewe amempa, hivyo hivyo. Aliniambia sentensi moja tu, kwamba mtu wa mgodini akishavunjika hana kazi, na asiye na kazi ameshakufa, kilichobaki ni kumzika.

Nikaufunika uji.


Alhamisi, 20 Septemba, mchana

Naandika kwa haraka, kwa furaha. Leo nimekalimani maneno magumu kuliko yote, mfululizo, bila kusita, na daktari amesikia kila neno.

Ilikuwa hivi. Tunaingia wodi ya wanaume, daktari mbele, mimi nyuma yake. Gaspari leo si zamu yake ya kukalimani, alikuwa akigawa uji. Amesimama juu ya kitanda cha Mihambo, mkono kiunoni, bakuli la uji la Mihambo mkononi mwake. Anapaza sauti wodi nzima isikie: "Mtumwa wangu, nyie Wanyamwezi hata kufa mnafanya uvivu! Kaburi nimeshalichimba, fisi wamekaa mstari. Kufa upesi, nataka blanketi. Na uji huu wa nini? Maiti hanywi uji." Akaunywa. Funda kubwa, mbele ya macho ya mwenyewe.

Wodi inavunjika mbavu. Daktari amesimama mlangoni, ameganda. Akaniuliza kwa sauti ya chini: anasema nini?

Na mimi nikasema. Lote! Kaburi nilikuwa nalo. Fisi nilikuwa naye, nilimsoma juzi. Maiti, blanketi, uvivu, mtumwa. Neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Hata "kukaa mstari" niliipatia njia. Daktari hakusema "good", lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka akatoka bila kumaliza wodi. Nadhani alikuwa na haraka.

Mihambo alimnyang'anya Gaspari bakuli akamwita mwizi wa ng'ombe wa babu yake. Akala uji. Wote uliobaki. Siku nzuri kila upande.


Alhamisi, 20 Septemba, jioni

Gaspari amefukuzwa kazi.

Daktari alimwita alasiri. Alimsomea maneno yake, yale niliyoyatoa mimi, akamwuliza: ulisema hivi kwa mgonjwa mahututi? Ulikunywa chakula chake? Gaspari akasema ndiyo, maana ni kweli alisema na ni kweli alikunywa. Alipofungua mdomo aeleze, daktari alimwonyesha mlango. Haya nimeambiwa na mfagiaji aliyekuwa kwenye baraza.

Neno kwa neno. Sikukosea hata moja. Na nimemsema mtu mwingine kabisa, mtu mbaya ambaye hayupo.

Mpumbavu mimi.


Ijumaa, 21 Septemba

Daktari amenipa mkono. Kazi ni yangu, amesema, hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Fundi cherehani wa mgodi amenipima koti: mabega, mkono, kimo. Amesema nina mabega ya koti. Neno hilo nimelingoja maisha yangu yote, na leo nimelisikia kama anayesemwa ni mtu wa kijiji kingine.

Nimekutana na Gaspari bombani. Kofia nilikuwa nayo kichwani. Nilisimama karibu naye, karibu kabisa, mkono wake ungeifikia bila taabu.

Hakuigusa. Alisema, "Habari za asubuhi, Bwana Shabani." Kwa heshima zote. Akajaza ndoo yake akaenda.

Bwana! Afadhali angenipiga.

Anaondoka na gari moshi la Jumatatu mchana. Mihambo ameuliza mara moja yuko wapi Mngoni, kisha akageukia ukuta. Uji umepoa.


Jumamosi, 22 Septemba

Kutwa na kamusi. Natafuta neno la utani. Nimepata la mzaha. Dogo mno, la watoto. Nimepata la tusi. Hilo ndilo lililotuua. Nimepata la kucheka, la kuchokoza, la urafiki, la ukoo. Nimeyapanga yote mezani kwa chaki, na utani haumo hata katika moja. Waingereza wana neno la kila mshipa wa mwili, kumbe la jambo hili hawana!

Nyamizi amesimama nyuma yangu muda mrefu. Akasema, "Baba Zena, neno moja la nini? Si una mengi? Yamejaa mpaka kwenye chungu changu. Mweleze kwa mengi." Nikamwambia hajui ugumu wa ukalimani. Akasema, "Kama unaliogopea koti, sema unaliogopea koti."

Nilimkaripia. Nikatoka nje nikakaa kwenye kinu, ambacho kimeandikwa "kinu" kwa Kiingereza.

Niandike wazi basi, hapa hakuna anayesoma. Gaspari akirudi, koti linakwenda kwake. Kiingereza chake ni mto, changu ni ndoo za kuchota. Asiporudi, mimi ni Bwana Mkalimani mpaka kufa kwangu, nyumba ya bati, kiti dukani, salamu za baba mkwe. Na siwezi kusema nilidanganya, maana sikudanganya. Hakuna atakayenishika.

Nalitaka koti. Nataka pia kuvuliwa kofia sokoni. Haviji pamoja.


Jumapili, 23 Septemba

Nimekwenda nyumbani kwa daktari. Kwa miguu, ili nipate kupanga maneno. Alikuwa barazani anasafisha bunduki ya kuwindia kanga. Hakunikaribisha kukaa, nami nilipenda hivyo, nikikaa nasahau Kiingereza.

Nimemwambia hivi, kwa maneno madogo madogo. Bwana Daktari, babu zake Gaspari walikuja na mikuki. Babu zetu walikuwa na mikuki pia. Walikufa wengi. Halafu walichoka. Wakapatana kwamba kuanzia siku hiyo tutapigana kwa mdomo tu, na aliyetukanwa hakasiriki, na aliyeibiwa hashitaki. Mtani wako ndiye anayekuja kukuchimbia kaburi kweli ukifa. Kwa hiyo ndiye peke yake anayeweza kukwambia bado hujafa, amka. Ndugu hawezi kusema hivyo. Mimi siwezi, mimi ni upande wa Mihambo. Gaspari anaweza. Alichokunywa si chakula cha mgonjwa. Alimchokoza mtu aliyekataa kula, na mtu akala.

Jasho lilinitoka mpaka miguuni. Daktari akafuta mtutu wa bunduki, akaniuliza swali moja.

"Kwa nini hukuniambia haya siku ile ya Alhamisi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo, na yote nilikuwa na msamiati wake. Nikasema la kweli: "Uliniambia nisiongeze."

Aliiweka bunduki chini. Kunguru walitembea juu ya bati. Mwishoni akasema sijamshawishi, amesikia maneno mabaya na sasa anasikia hadithi nzuri, atajuaje? Kesho nimfikishe kwa mgonjwa mwenyewe. Atauliza yeye, na mimi nikalimani. Neno kwa neno.

Gari moshi ni saa saba mchana.


Jumatatu, 24 Septemba

Siku kubwa. Nitaiandika kwa mpango, ingawa natamani kuanzia mwisho.

Asubuhi daktari aliletewa taarifa kwamba kuna mtu ameanguka mgodini, akaenda huko. Nilingoja. Jua likapanda. Nilitembea kutoka mlango hadi mlango, wagonjwa wakaanza kunionea huruma. Karibu saa sita hivi akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Mihambo. Akasema: mwulize kama mtu yule alimwudhi.

Nikamwuliza. Mihambo akageuza kichwa kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akafungua mdomo wake vizuri. "Mwambie Mzungu wako," akasema, "yule Mngoni ni mtumwa wangu. Nilimrithi kwa babu. Yeye ameipata wapi ruhusa ya kumfukuza mtumwa wa mtu? Kama anataka kumfukuza, amnunue kwanza kwangu. Na amlete upesi, anidai blanketi langu, maana nimeanza kuzoea kufa."

Hilo ndilo la kumpelekea daktari? Lakini alikuwa ananitazama, anangoja. Nikatoa lote. Mtumwa, babu, ruhusa, ununuzi, blanketi. Nilipofika kwenye "kuzoea kufa" nilikwenda polepole, si kwa kukosa neno.

Kisha nikaongeza. Bila ruhusa. Nikasema: Bwana Daktari, amekasirika kwa sababu umemnyang'anya mtu wake.

Daktari aliuma mdomo. Akatazama uzito wa kamba, akatazama dirisha, mabega yakaanza kumtikisika. Sijawahi kuona Mzungu akizuia kicheko, ni kama mtu anayezuia kikohozi kanisani. Akasema, "Kamlete." Mara mbili. La pili alinisukuma nalo.

Baiskeli ya hospitali haina breki. Sikuzihitaji. Vumbi, mbuzi, mama wa watu na kikapu chake, wote walinipisha. Nilikuwa nasema peke yangu, sijui kwa lugha gani. Niliona moshi wa gari moshi kabla sijaiona stesheni, nikajua wameshatia moto, nikakanyaga mpaka mapaja yakawaka.

Gaspari alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la bati, tikiti mkononi. Nilishuka mbele yake. Pumzi hakuna. Maneno yote ya mwaka huu, Kiingereza, Kiswahili, Kikonongo, hakuna lililotoka. Nilisimama tu nikihema kama punda.

Alinitazama kuanzia viatu. Akapanda taratibu mpaka kichwani. Halafu akanyoosha mkono, akanivua kofia, akaivaa.

"Mtumwa," akasema, "umechelewa. Ulifikiri nani atanibebea sanduku?"

Alikuwa bado hajajua nimekuja na habari gani.

Machozi yalinitoka, mbele ya abiria wa kila kabila. Nikabeba sanduku nikalifunga nyuma ya baiskeli. Nilipomweleza, njiani sasa, hakusema asante wala pole. Alitangulia mbele na kofia yangu, anasalimia kila tunayepishana naye, anawaonyesha mimi huku nyuma nasukuma mzigo juani. Watazameni Wakonongo, anasema, ukiwafundisha mapema wanafaa.

Sijapata siku nzuri kama hii. Hata siku ya "throb" haiifikii.


Jumatano, 26 Septemba

Daktari ametuita wote wawili.

Gaspari ndiye mkalimani. Kiingereza chake kimepita changu, daktari alisema hivyo waziwazi, na siwezi kubisha maana nilikuwa wa kwanza kulijua. Mimi nitakuwa nakwenda naye safari za nje, Sitalike na huko Ikola ziwani, kwa kuwa nakijua Kikonongo na Kibende cha kuombea njia. Safari hizo hazina koti.

Iliniuma. Bado inauma sasa hivi ninapoandika.

Tulipokuwa tunatoka daktari akaniita nyuma. Alitaka lile neno letu. Nikampa: utani. Akalitamka vibaya, akaweka mkazo mbele kabisa. Nikamrekebisha. Akalirudia, na tena, midomo imemkaza, macho juu, kama mimi na mapafu. Nikamwambia "good".

Mihambo anakula. Gaspari anamdai blanketi kila asubuhi.


Jumapili, 30 Septemba

Joto. Upande wa Sitalike watu wanachoma mashamba, moshi umekaa chini. Nyamizi amefuta chaki yote nyumbani, isipokuwa ile ya chungu. Anasema hiyo ameizoea.

Jioni Gaspari amekuja kujionyesha. Koti limekwisha kushonwa, kesho ndiyo mara ya kwanza kulivaa wodini. Fundi alishona kwa vipimo vyangu vile vile, hakuna aliyemwambia vinginevyo. Gaspari ni mrefu. Mikono ya koti inamwishia nusu, na mabegani linamvuta. Alizunguka uani kwa madaha, kuku wakamkimbia. Nyamizi alicheka mpaka akaegemea mlango.

Nilimwacha azunguke. Kisha nikamwendea, nikafungua kifungo cha juu, cha pili, cha tatu. Alielewa mara moja. Hakunizuia, hana haki ya kunizuia. Alinyoosha mikono kama mtoto anayevuliwa shati, nikalivua koti lote, nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba bila jogoo halirudi.

Ameondoka na fulana, anatukana ukoo wangu mpaka alipoishia kwenye kona.

Atakuja kesho alfajiri na jogoo, kabla ya kengele ya kazi.

Nimelivaa. Nyamizi amenifunga vifungo. Mikono imefika panapotakiwa, mabega yamekaa, mifuko iko mahali mikono inapoitafuta. Nimeketi nalo barazani, na wapitao njia wamenisalimu.